Kuvunjikia Ukweni

Simel alikuwa na mpango mzuri, na mpango wenyewe aliubeba mgongoni ndani ya begi: suruali ya kitambaa, imepigwa pasi na kukunjwa kwa adabu. Angefika kwenye kona ya mwisho kabla ya mji wa wakwe zake, pale penye ua wa minyaa, angejibanza kidogo, angeivaa, kisha angeingia kwa mama mkwe wake akisukuma baiskeli polepole kama mwanamume mwenye mke na akili timamu. Lakini njia yote kutoka Karatu mjini hadi Endamarariek angeendesha akiwa na bukta yake ya kubana.

Bukta hiyo aliipata pamoja na baiskeli. Mtalii mmoja alimaliza likizo yake, akaona uvivu kuvirudisha vitu kwao, akamwachia Simel aliyekuwa akifunga umeme wa jua kwenye kambi aliyofikia. Baiskeli ilikuwa ya gia, nyepesi hata ungeiinua kwa mkono mmoja. Bukta ilikuwa nyeusi, inang'aa, imeshika mapaja bila kuacha siri yoyote, na nyuma ilishonewa sponji nene iliyomfanya mvaaji aonekane kama mtoto aliyefungwa nepi. Simel aliipenda kupita kiasi. Angelina, mkewe, alishamwonya.

"Siku mama akikuona na hicho kidude, ndoa yetu tutaitafuta kwa tochi."

Angelina alikuwa na sababu. Simel ni Mmaasai wa Kakesio, na kwao mtu na mama mkwe wake hawakai kivuli kimoja. Unamsalimu, unainamisha macho, unapita. Mama mkwe mwenyewe, Hyasinta, alikuwa Muiraqw, mjane, mkulima wa mahindi na maharage ya ngwara, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya korongo akaitika. Lakini tangu arusi, mbele ya Simel alikuwa akiishusha ile sauti mpaka ikawa ya kanisani. Miaka yote hiyo walikuwa wameongea habari mbili tu: shikamoo na mvua.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mtoto wa shemeji yake Piusi alikuwa apate komunio ya kwanza kesho yake, na Angelina alishatangulia kwao kusaidia kuchambua maharage. Simel alifika juu ya mteremko wa mwisho akiwa na furaha ya mtu ambaye hajapumzika hata mara moja njiani. Akaiachia baiskeli. Upepo ukampiga kifuani, changarawe zikaruka kushoto na kulia, akajiona mkubwa kuliko gari. Ua wa minyaa ukatokea mapema kuliko alivyotarajia. Na kutoka kwenye ua ule akatokea nguruwe jike, mnene, ametulia, nyuma yake watoto wamejipanga mstari kama wanaokwenda shule.

Simel alibana breki ya mbele peke yake. Tairi la mbele likatii na kusimama papo hapo. Simel hakusimama. Aliruka juu ya usukani, akapita juu ya nguruwe, ambaye hata hakunyanyua kichwa, akatua langoni kwa mama mkwe wake mbele ya wanawake waliokuwa na nyungo mapajani. Mguu wa kulia ulitoa sauti kavu, kama kuni inayovunjwa gotini.

Mtu mwingine angepiga kelele. Simel alivuta begi akaliweka juu ya mapaja.

Hyasinta alikuja mbio. Akautazama mguu, ambao sasa ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Akaitazama bukta. Akatazama mbinguni. Kisha akafungua khanga yake ya mabegani, akageuza uso pembeni, akamfunika mkwewe kuanzia kiunoni hadi vidoleni.

"Mwambie mkwe asijitikise," alimwambia Angelina aliyekuwa nyuma yake.

"Mwambie mama," akajibu Simel, meno yakigongana, "shikamoo."

Hospitalini mjini walimpiga picha, wakasema mfupa wa chini ya goti umevunjika vibaya lakini utaunga. Wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia pajani hadi kwenye vidole, wakamwambia mguu usiguse chini mpaka watakaposema wenyewe. Ndipo likaja swali la pa kukaa. Simel na Angelina walipanga chumba cha ghorofani, ngazi zake nyembamba hazina pa kushikilia, choo kiko chini upande wa pili wa uwanja. Na Angelina alikuwa mpishi katika kambi moja njia ya kwenda getini Ngorongoro. Katika msimu ule wa wageni aliondoka alfajiri na kurudi amechoka.

Hyasinta alisimama kwenye korido, mkoba kifuani. "Atakaa kwangu," alimwambia bintiye. "Mwambie."

Simel alikuwa amelala hatua tatu kutoka hapo. Alisikia vizuri sana. Alisubiri hata hivyo mpaka Angelina alipogeuka na kumwambia, kisha akasema, "Mwambie mama sitaki kumsumbua."

"Mwambie hajaulizwa."

Ndivyo Simel alivyohamia Endamarariek, chumba cha mbele, kitandani penye dirisha linalotazama banda la mahindi. Kati yake na mama mkwe aliwekwa Piusi, kaka yake Angelina, aliyekuwa na nyumba yake mle mle uani. Piusi alimwogesha, alimpeleka chooni, na zaidi ya yote alibeba maneno.

"Piusi, mwulize mkwe kama uji una sukari ya kutosha."

"Mkwe, sukari inatosha?"

"Mwambie mama inatosha, ahsante."

"Mama, inatosha, ahsante."

"Mwambie anywe basi, mbona anauchungulia tu?"

Wote watatu walikuwa chumba kimoja. Baada ya wiki kadhaa Piusi aliketi kwenye stuli akashika kichwa. "Jamani, mimi sasa nimekuwa mnara wa simu. Mnara nao unahitaji matengenezo." Muda si mrefu akapata kibarua cha kuvuna vitunguu Mang'ola, akaondoka akipiga mluzi. Mkewe Piusi alishinda shambani. Nyumbani wakabaki wawili, na paka.

Asubuhi ya kwanza Hyasinta aliingia na kikombe, akasimama mlangoni, akatafuta pa kupitishia neno. Akamwona paka kwenye miguu ya kitanda.

"Paka," akasema, "uji uko mezani, na mgonjwa asipounywa sasa utaota utando."

Simel akakohoa. "Paka, mshukuru aliyeupika."

Paka alipokea cheo chake bila kushangaa. Aliulizwa habari za maumivu, akaagizwa kufungua dirisha, akaelezwa kwa kirefu jinsi mchwa walivyoingia kwenye nguzo za banda. Siku moja alitoka nje katikati ya mazungumzo, na wawili wale wakanyamaza kama umeme umekatika, mpaka aliporudi.

Kisha ikanyesha mvua ya kulowesha ardhi yote. Ilipokatika, Simel alishikwa na haja, akaona aibu kumtuma paka kwa jambo kama hilo. Akachukua magongo yake mawili, akafunga mfuko wa nailoni kwenye vidole ili hogo lisilowe, akatoka mwenyewe. Akafika salama. Wakati wa kurudi, gongo la kushoto lilizama kwenye matuta ya viazi vitamu, likazama zaidi, na Simel akalifuata polepole, huku akijiona anakwenda, mpaka akalala chali katikati ya majani na hogo lake limeelekea mawinguni.

Alilala pale akitafakari. Kuita, atamwita nani? Na akimwita, amwiteje?

Hyasinta alitokea jikoni na mwiko mkononi. Akatazama huku na huku. Paka hayupo. Akasogea mpaka ukingoni mwa matuta.

"Mkwe," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumfikia Simel bila kupitia kwa mtu, "umeumia?"

"Hapana, mama."

"Shika shingo yangu nikuinue."

"Mama, kwetu hairuhusiwi mtu kushika..."

"Kwenu hakuna matope? Shika shingo!"

Sauti ilikuwa ile ya ng'ambo ya korongo. Simel akashika shingo. Hyasinta akavuta, akateleza, akaketi kwa kishindo juu ya tuta. Akajaribu kuinuka, mwiko bado mkononi, na hapo ndipo kitu kikamshinda. Alianza kwa kutetemeka mabega. Simel alidhani analia.

"Mama?"

"Ile nguo," Hyasinta akasema, machozi yanamtoka. "Ile nguo yako, mkwe! Mimi siku ile... mguu umevunjika, watu wanalia, na mimi moyoni nauliza, huyu nani kamfunga nepi? Tangu siku ile nimekibeba kicheko hiki kama mimba!"

Alicheka mpaka akalala kwenye viazi na yeye. Simel alijitahidi kushika heshima. Ikamponyoka. Akacheka, mguu ukamuuma, akapiga ukelele, akacheka tena. Mke wa Piusi alipotoka shamba aliwakuta wote wawili chini, wamejaa tope, akakimbia kuita majirani akijua kuna msiba.

Kuanzia hapo paka alirudia maisha yake ya kawaida, na nyumba ikajaa maneno. Ilibainika kwamba Hyasinta alikuwa na akiba kubwa ya mambo ya kumwambia mkwewe, na Simel naye hakuwa mnyonge wa kusimulia. Bila mtu kupanga alianza kumwita "ayo", yaani mama, kama watoto wake walivyomwita.

Hogo lilipokatwa, Simel alitegemea kupata mguu wake. Alipewa mguu mwingine. Ulikuwa mwembamba kama bua la mwaka wa ukame, umepauka, na goti halikukunjika. Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitalini alimfundisha namna ya kulikunja kidogo kidogo kila siku, akamwambia litauma, na litachukua muda mrefu kuliko anavyofikiri. Yote mawili yalikuwa kweli. Nyumbani Simel akaanza udanganyifu. Hyasinta akiwa dirishani, alihema na kukunja uso. Hyasinta akiondoka, alisikiliza redio.

"Wewe," Hyasinta akamwambia mchana mmoja, akitokea mlango wa nyuma. "Goti halihemi. Anayehema ni wewe."

"Linauma, ayo."

"Naona." Akatazama nje. Baiskeli ilikuwa imeegemea banda. Piusi alishainyosha tairi. Kwa siku nyingi Simel alimwona Hyasinta akiipitia karibu kuliko njia ilivyohitaji, mara anaipangusa vumbi kwa upande wa khanga, mara anabonyeza kengele na kujifanya kuku ndiye aliyeigusa. "Hivi," akasema sasa, "kukaa juu ya kile kitu bila kuanguka, ni uchawi au ni kitu mtu anajifunza?"

"Mtu anajifunza."

"Kwetu kaka zangu walijifunza. Mimi nilikuwa nashika tairi wakati wakiziba pancha." Akamgeukia. "Tufanye hivi. Wewe ukunje goti, kweli kweli, mimi nikiona. Ukimaliza, unifundishe."

Somo la kwanza lilifanyika uani, mwalimu ameketi kitini, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanafunzi alivaa suruali ya zamani ya Piusi chini ya gauni.

"Tazama mbele, ayo! Usitazame tairi!"

"Nisipolitazama nitajuaje liko wapi?"

"Lipo! Tazama mbele!"

Alitazama mbele, akaliona banda la mahindi, akaligonga. Siku nyingine alimgonga jogoo, akaenda kumwomba radhi kwa Kiiraqw. Akichubuka kiwiko, Simel alikunja goti zaidi kwa aibu. Simel akitoa machozi kwa goti, Hyasinta alipanda tena kabla hajafuta vumbi. Wanawake waliokuwa wakija kumjulia hali mgonjwa walianza kuja na vigoda vyao, wakakaa kivulini, wakasahau kumuuliza mgonjwa hali.

Haikuwa kwamba kila siku ilikuwa afadhali kuliko jana. Kuna asubuhi Simel alijiona amepona, akatupa magongo, akatembea mpaka zizini na kurudi kwa maringo, na kesho yake goti likavimba kama andazi. Siku hiyo alilala amegeukia ukutani. Kazi yake ilikuwa juu ya mapaa. Fundi wa umeme wa jua asiyeweza kupanda ngazi atafunga paneli wapi, uvunguni? Hilo alilifikiri tangu chai mpaka chakula cha mchana, na chakula hakukigusa.

Hyasinta aliingia akakaa kwenye stuli.

"Nina wajukuu saba," akasema. "Leo nimepita na baiskeli mbele ya katekista, nikashindwa kupinda, nikaingia kwenye shamba lake la alizeti. Nimelala humo nikisubiri apite. Hakupita. Alisimama akaniuliza kama nahitaji sala." Akamtazama. "Mwenye aibu hapa ni nani? Geuka ule."

Simel akageuka, akala.

Alizeti zilikuwa zimeanza kuinamisha vichwa siku alipokuja Mzee Moloimet. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Simel, mwenye dhamana ya heshima ya ukoo mzima, mtu ambaye kule Kakesio vijana walishusha vicheko wakisikia fimbo yake ikigonga mawe. Hakutoa taarifa. Alishuka kwenye pikipiki barabarani, akapanda kilima kwa miguu, shuka nyekundu begani, kidumu cha mafuta ya kondoo na furushi la magome ya miti ya kuchemshia supu mkononi. Alifika langoni wakati ambao Hyasinta, kwa mara ya kwanza, alikuwa anateremka mteremko wote bila kushikwa, na nyuma yake Simel anachechemea na gongo moja, anapiga kelele.

"Breki ya nyuma, ayo! Ya nyuma!"

Hyasinta alimwona mzee. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. "Karibu, mzee wangu!" akasema kwa heshima zote, akampita. Gauni lilipepea, suruali ya Piusi ikaonekana yote, vumbi likafunika lango. Karibu ya pili ilisikika kutoka bondeni.

Simel alibaki amesimama na kinywa wazi. Kisha akakumbuka kuinamisha kichwa ili mzee amguse, kama kwao mtoto anavyomwamkia mkubwa. Mzee Moloimet akamgusa utosini bila kuacha kutazama kule vumbi lilikoelekea.

Chai ilinywewa kwa adabu zote. Hyasinta alisharudi, amebadili nguo, amepaka mafuta usoni, na sauti yake ilikuwa ile ya kanisani. Alipitisha maneno yote kwa Piusi, ambaye alikuwa amerudi kutoka Mang'ola na hakuamini kwamba kazi yake imeanza upya. Mzee alikunywa chai, akaukagua mguu kwa vidole viwili, akakabidhi mafuta na magome, akasema ni wakati wa kuondoka.

"Nisindikize," akamwambia Simel.

Tangu avunjike, Simel alikuwa akiwaaga wageni akiwa kitini, na kila mara ilimuuma kwamba hawezi kuinuka kumtoa mtu mpaka njiani. Akachukua gongo. Waliteremka polepole, na Simel alijua yatakayosemwa. Alishayapanga majibu, yote dhaifu. Walifika barabarani ndipo mzee alipotua fimbo.

"Mguu huu utapona," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ungekuja nyumbani, sisi tungekuheshimu. Ungekaa pale kivulini, kila mtu akuheshimu, mpaka goti likauke kama ngozi. Hapa unapigiwa kelele." Akatazama kilimani, na pikipiki iliyomleta ikawa imeshamfuata. "Kaa hapa hapa." Akapanda nyuma ya dereva, akapanga shuka yake vizuri. "Na yule mama mwambie, breki anaibana mapema mno. Pale chini angeiachia."

Pikipiki ikaondoka kabla Simel hajajua kama anaruhusiwa kucheka.

Kupanda ilikuwa shughuli nyingine. Hakuwahi kutembea mbali hivi tangu siku ya ajali, na kilima, ambacho kwa baiskeli aliwahi kukiona si kitu, sasa kilikuwa na mawe aliyoyafahamu moja moja. Aliketi kwenye ukingo wa shamba la mtu. Hyasinta akateremka kwa miguu akimtafuta, uso umemsawijika.

"Kasema nini? Kakasirika?"

"Kasema unabana breki mapema."

Hyasinta akamtazama kwa muda kuona kama anataniwa. Kisha akaketi karibu naye, akafunika mdomo kwa khanga, akacheka taratibu, bila sauti.

"Linauma?" akauliza baadaye.

"Linauma."

"Sana?"

"Kiasi chake."

"Basi twende, maharage yatashika chini."

Wakapanda. Gongo, mguu mzima, mguu mvivu. Katikati ya kilima, pale njia inapopinda na kuwa kali zaidi, ni Hyasinta aliyesimama, mkono kiunoni, akitweta. Siku nzima ya baiskeli ilikuwa imemwingia mapajani. Akamwambia mkwewe atangulie tu. Simel alikataa. Alisimama kando yake, ameegemea gongo, akamsubiri mpaka pumzi iliporudi, na kutoka juu wakaanza kusikia harufu ya maharage yanayoungua.